Zimezunguka Tu

Katuba, saa tatu asubuhi, umeme haupo tangu juzi.
Redio ya muuza maharagwe inakula betri zilizoanikwa juani,
na humo, kati ya bei ya unga na tangazo la kilio,
sauti inasema: leo, huko Ulaya, wanawasha duara.

Kilomita ishirini na saba za bomba chini ya mashamba ya watu,
chini ya ng'ombe wanaocheua bila habari.
Ndani, baridi kuliko baridi iliyo kati ya nyota,
na protoni, vijipunje visivyo na kivuli,
zinatumwa mbio mpaka mwanga wenyewe ugeuke nyuma kutazama.

Sijaandika hata tarehe ubaoni, Numbi kanyoosha kidole.
"Mwalimu, pasta wetu anasema watatoboa dunia.
Shimo litatumeza sisi wote. Njo kweli?"
Darasa la watoto hamsini na wanane likanyamaza,
hata wale wa nyuma wanaouziana mikate.

Shimo.
Ningewaambia nini juu ya shimo
watoto wa mji uliozaliwa ukingoni mwa shimo?
Baba zao walishuka, kaka zao wanashuka bado
kwa kamba na tochi ya kichwani,
na hakuna redio iliyowahi kukatiza bei ya unga
kuuliza nani kamezwa.

Nikasema: leteni tairi.

Tairi kuukuu la baiskeli ya Kisimba. Tukalilaza sakafuni.
Gololi ya bluu kulia, ya kijani kushoto,
zikasugua mpira, krrr, krrr, zikafuata ukingo,
zikakutana mbele ya miguu ya Mujinga: ta!
Ya bluu ikameguka.
"Sasa tafuteni kilichoruka," nikasema. "Kazi yao yote ndiyo hiyo."
Wakapiga magoti, hamsini na wanane,
kutafuta chembe ya kioo katika vumbi jekundu.
Kengele ikalia. Hakuna aliyeiona.

Jioni nilimkuta baba barazani, kaelekea ile dohani
na kilima cheusi cha mavi ya shaba.
Miaka thelathini na miwili tanuruni, zamu ya usiku, zamu ya mchana,
kisha karatasi ya kutia sahihi: kuondoka kwa hiari.
Hiari ya nani, huwa anauliza. Leo hakuuliza.

Nikamweleza nyaya zao. Kwamba uzi unaobeba umeme
umevikwa shaba,
na shaba hiyo, siku njema, haina la kufanya.
Mkondo unapita ubavuni pake bila hata hodi.
Ila baridi ikiponyoka, uzi ukipandwa na homa ghafla,
shaba ndiyo inayopokea mzigo wote
mtambo usiungue.

"Kumbe imewekwa ingoje."
"Ndiyo, baba."
"Ni ya kwetu?"
"Sijui. Hawaandiki."
Akavifungua viganja vyake, makovu ya cheche juu ya makovu,
akavitazama kama mtu anayesoma risiti ya zamani.

"Na leo zimegongana?"
"Bado. Leo zimezunguka tu."
Akacheka, akakohoa, akacheka tena.
"Zimezunguka tu! Na redio ikasema!"

Saa nne usiku mtaa mzima ukapiga yowe: kuran! kuran imerudi!
Friji zikatetemeka, pasi zikapashwa moto haraka haraka,
jirani akaanza kuchomelea mlango aliouacha nusu.
Nikavua viatu.
Katika cha kushoto, kitu kilichonichoma tangu asubuhi,
kidogo kuliko punje ya mtama.
Nikakiinua kwenye balbu, nikafumba jicho moja.
Changarawe, pengine. Pengine kioo.

Umeme ukaondoka kabla sijajua kama ni bluu.